Dripu ya Zubeiri

4 Novemba, Matembwe

Tumerudi nyumbani. Mume wangu Hezekia, Baba Rejoice, amelala, amevaa sweta mbili na bado anasikia baridi. Muda wote tuliokuwa Dar kwenye mionzi alilalamikia joto, akisema ukungu wa Matembwe peke yake utamponya. Basi ukungu upo. Leo mchana imenyesha mvua ya kwanza ya maana na majirani wameanza kupanda mahindi. Shamba letu bado limesimama mabua ya mwaka jana.

Naandika kwa sababu humu ndani mwenye sauti nimebaki mimi. Hezekia ananong'ona maneno mawili matatu, halafu ananyoosha mkono nimpe maji. Huyu ndiye mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma masomo bila kipaza sauti na waliokaa mlangoni wanasikia.

6 Novemba

Uji vikombe viwili. Mvua.

9 Novemba

Uji kikombe kimoja, kingine kimerudi.

11 Novemba, Makambako

Kliniki ya kwanza tangu tutoke Dar. Watu wa utafiti wamepanga nyumba si mbali na stesheni ya reli, ina benchi barazani. Wagonjwa wengi wa saratani ya njia ya chakula wanatoka huku kwetu nyanda za juu, kwa hiyo wamesogea karibu.

Nieleze mara moja jinsi mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Kule Dar kompyuta ilipiga kura. Kundi moja lilipewa mionzi peke yake. Kundi la pili lilipewa mionzi ileile, na vidonge, na dripu. Sista Oliva, nesi wa utafiti, alitufafanulia vizuri. Mionzi inakata vinasaba ndani ya seli ya saratani. Lakini seli ile ina uwezo wa kujishona ilipokatwa na kuendelea kuishi. Vidonge vinaizuia isijishone. Dripu nayo inaondoa breki kwenye kinga ya mwili, ili kinga iitambue saratani iliyojeruhiwa na kuimaliza. Vidonge viliisha pamoja na mionzi. Dripu inaendelea kila baada ya wiki tatu.

Hezekia aliangukia mionzi peke yake. Zubeiri aliangukia vyote.

Zubeiri ni mwenye lori wa Makambako, anasafirisha viazi na mbao. Dar walilala chumba kimoja na Hezekia, Mwislamu na mzee wa kanisa, na waliposhindwa kuongea walikuwa wakicheza bao. Mkewe Chiku ni mtu wa Singida, anauza mchele sokoni, na sauti yake inafika barabarani. Akiniona tu anapiga kelele, "Kamwene, Mama Rejoice!" salamu yetu ya Kibena kwa lafudhi yake mbaya, na mimi lazima nicheke. Leo tumelala kwao, mtaa wa Mahongole. Ametutengenezea supu ya kuku, akaichuja kwa kitambaa cheupe, akamwambia Hezekia, "Shemeji, hii haikwami, hata mtoto mchanga anaimeza." Hezekia akaimaliza yote.

Nimeshukuru kuwa na rafiki kama yule.

12 Novemba

Nilimuuliza Daktari Severini kabla hatujaondoka: kwa nini asituweke wote kundi la dripu? Ni kijana mpole, anafuta miwani kila akiulizwa jambo gumu. Akasema, "Mama, tungejua kipi ni bora, tusingepiga kura." Jibu la haki. Nimelibeba njia nzima mpaka Njombe, na Njombe mpaka hapa, na sikulipenda hata mara moja.

20 Novemba

Nimepanda maharage nyuma ya jiko. Yeye amekaa mlangoni na blanketi akinielekeza kwa kidole.

2 Desemba, Makambako

Zubeiri amekula ugali. Mbele yetu, mezani kwake, kwa mkono wake, na dagaa wa kuchemsha. Alikuwa akitafuna taratibu huku machozi yanamtoka, na Chiku amesimama nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hana la kusema. Hezekia alimpiga Zubeiri begani, akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Kisha akageuka upande akatema supu kwenye leso.

Nilitoka nje kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Leo kliniki sisi tulipimwa uzito na damu tu. Zubeiri alikaa kwenye kiti chenye mikono, dripu inashuka. Nilijikuta naiangalia ile chupa. Ni maji tu ukiyatazama, hayana hata rangi.

8 Desemba

Mvua. Amepungua.

17 Desemba

Rejoice, binti yetu, amekuja likizo kutoka chuoni Iringa. Alipomwona baba yake alienda moja kwa moja kukata kuni, akakata hadi giza likaingia.

23 Desemba, Makambako

Kliniki. Chiku amenipa mchele wa Krismasi na kitenge. "Uvae kanisani, Mama Rejoice, usikae kama mjane." Alisema kwa utani, mtu asiyekuwa na hila. Halafu akaanza kunihesabia alivyokula Baba Lulu wiki hii: chapati, ndizi, nyama ya kusaga. Lulu ni mtoto wao wa kike, ameolewa Dodoma, anapigiwa simu kila jioni kuambiwa baba yake amekula nini.

Naomba Mungu anisamehe. Nilipokuwa naaga nilikiacha kitenge kwenye kochi makusudi. Chiku alinikimbilia nacho mpaka kituo cha mabasi kwenye matope, akidhani nimesahau.

25 Desemba

Hezekia hakuweza kwenda kanisani. Nimevaa gauni la zamani.

13 Januari, Makambako

Wamesema tukapige picha Mbeya. Daktari Severini aliminya tumbo la Hezekia upande wa kulia, akaminya tena, akafuta miwani.

Njiani kurudi nilimwambia Hezekia, "Ile dripu ingekuwa yako, ungekuwa unakula." Akanong'ona, "Ingekuwa yangu, Zubeiri angekuwa hali." Nikamwambia kwani lazima mmoja afe ili mwingine ale? Alinyoosha mkono nimpe maji. Nikajuta kumfanya aongee.

19 Januari

Maharage yanaoza kwa maji. Barabara yetu ya kwenda Njombe imekatika penye kilima, malori ya mbao yamekwama pale tangu juzi.

28 Januari, Mbeya

Picha imepigwa. Tumefika kwa kuzungukia njia ya juu.

30 Januari, Makambako

Ugonjwa umeingia kwenye ini.

Daktari hakuzunguka. Alituketisha, Sista Oliva akashika mkono wangu, daktari akasema mionzi ilifanya kazi kwenye njia ya chakula lakini kuna vipande vilishatoroka zamani. Nikauliza kama sasa Hezekia anaweza kupewa dripu. Akasema utafiti hauruhusu, na hata nje ya utafiti dawa hiyo haipatikani huku. Akasema pia, na nilimchukia kwa kusema hivyo, kwamba hana hakika hata kidogo kama ingeuzuia ugonjwa. Hezekia alimpa mkono, akamshukuru. Yeye ndiye aliyeshukuru.

Tumebaki Mahongole kwa Chiku, barabara yetu haijatengenezwa na mzunguko unamchosha.

2 Februari, Mahongole

Zubeiri anakohoa.

3 Februari, Mahongole

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kadiri ninavyoweza.

Kikohozi cha Zubeiri ni kikavu. Jana alipanda ngazi mbili za baraza akasimama kupumua kama aliyebeba gunia. Hana homa. Chiku alimnunulia dawa ya kifua dukani, haikusaidia. Leo asubuhi ilikuwa siku yake ya dripu.

Alfajiri Chiku aliniita jikoni. Alifunga mlango. Sauti yake ilikuwa chini, sikujua kama anaweza kuongea hivyo.

"Mama Rejoice, nakuomba kitu kimoja. Kliniki leo usiseme habari ya kikohozi."

"Sista Oliva alituambia tangu Dar, Chiku. Kinga ikifunguliwa breki inaweza kukosea, ikaanza kula mapafu. Kikohozi kikavu, pumzi fupi, mtu apige simu hapo hapo."

"Najua alichosema! Nilikuwepo. Wakisikia wataitoa ile dawa. Unaelewa? Wataitoa. Ameanza kula, ameanza kucheka, halafu waitoe?" Alinishika mikono yote miwili. "Ni mafua ya mvua tu. Akipata ya leo, nikiona bado, nitasema. Naapa. Wewe ni ndugu yangu, ninyamazie."

Nikasema, "Sawa."

Nilisema sawa. Kisha nikatoka nje uani. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya kutwa nzima. Kupitia dirishani nilimwona Zubeiri amekaa kitandani, ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, na Hezekia wangu, ngozi na mifupa, anamsugua mgongo. Nilikuwa na hasira. Siwezi kuandika kwamba sikuwa nayo. Nilifikiri: wamepewa kile tulichonyimwa, na wanakichezea. Na pia nilifikiri: mtu huyu atakufa. Sijui ni lipi lilitangulia. Simu ilikuwa tayari sikioni.

Sista Oliva aliuliza maswali mawili tu. Wakatuma gari, likatupeleka kliniki.

Dripu haikutundikwa. Daktari Severini alimpima Zubeiri kiwango cha oksijeni kidoleni, uso ukambadilika, na hapo hapo wakaondoka naye kwenda hospitali Njombe, na oksijeni. Alisema watampa dawa za kutuliza kinga, dozi kubwa, na kwamba dripu kwake imekwisha, hatapewa tena.

Chiku alikuwa anapanda gari. Akarudi hadi nilipo kwenye benchi. Watu walikuwepo.

"Nani kasema?"

Nikainuka kwenye benchi.

"Mume wako anakufa," akasema Chiku, "ukaona na wangu afe."

Akaenda. Nilimgeukia Hezekia. Alikuwa ananitazama kama ananiona kwa mbali.

"Zubeiri aliniambia tangu wiki iliyopita," akanong'ona. "Kwamba anakohoa. Nilimwahidi nitanyamaza."

"Ulijua?"

"Nilimwahidi."

Kisha akageuza uso kuelekea reli.

4 Februari

Tumerudi Matembwe kwa kuzungukia njia ya juu. Safari nzima hajasema neno.

5 Februari

Hajasema.

6 Februari

Anapokea kikombe, anarudisha kikombe. Mvua.

8 Februari

Sista Oliva amepiga simu. Zubeiri bado yuko kwenye oksijeni. Nilimwambia Hezekia. Alifumba macho.

Chiku hapokei simu zangu.

10 Februari

Siku zake zilizobaki za kuongea ni chache, na anazitumia kuninyamazia. Leo nilimwambia hivyo hivyo, nikiwa nimesimama na sufuria mkononi. Nilimwambia, "Nimekaa na wewe miaka yote, nimekuogesha, nimekutafunia, na adhabu yangu ni hii?" Akaweka kiganja kifuani, akakitikisa, kama mtu anayesema siwezi. Sikuelewa kama ni kuongea au kusamehe.

14 Februari

Ulanzi, pombe ya mianzi, umeanza kukingwa, vijana wanapita na madumu. Mmoja alimletea Hezekia kidogo kwenye kikombe. Alilowesha midomo.

20 Februari

Ameongea.

Nilikuwa nimemgeuza ubavu. Alinishika kitambaa cha kichwani, nikainama. Nitaandika kama alivyosema, kwa vipande.

"Tulikubaliana na Zubeiri. Kule Dar. Siku ya kura."

"Mlikubaliana nini, Baba Rejoice?"

"Mmoja wetu akipona, inatosha."

Alipumzika. Nilimpa maji kwa kijiko.

"Nilipomwona anakula ugali, nilikula na mimi. Halafu ukapiga simu. Nikaona umetuua wote wawili."

Nikamwambia sikuwa najua habari ya makubaliano yao. Akasema anajua kwamba sikujua. Nikamuuliza, "Na kama asingepelekwa Njombe?" Alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Hilo ndilo nimekuwa nikiliwaza," akasema. "Nilimsugua mgongo nikasikia mapafu yake yanavyolia. Nikanyamaza. Mimi."

Miezi yote hii nilimwona Hezekia kama mtu mwema kuliko mimi, asiyejua wivu. Kumbe alikuwa na tumaini lake pia, kali kuliko langu, na alikuwa tayari kunyamaza kwa ajili yake. Nililala pembeni yake na viatu miguuni.

26 Februari

Zubeiri ametoka oksijeni.

5 Machi

Mvua kubwa. Paa la jiko linavuja. Hezekia hamezi tena isipokuwa maji. Nesi wa huduma ya wagonjwa nyumbani anakuja na dawa ya maumivu, ya maji, chungu. Nashukuru ipo.

15 Machi

Lori limesimama mbele ya nyumba. Nilidhani ni la mbao. Aliyeshuka ni Zubeiri, ameshikwa mkono na mdogo wake Mudy. Sikumtambua mara moja; dawa zimemvimbisha uso umekuwa duara, lakini anatembea mwenyewe. Chiku alibaki ndani ya lori, kioo kimepandishwa. Nilienda na kumkaribisha, nikagonga mlango. Hakufungua. Nikasimama kwenye matope kidogo, nikarudi.

Zubeiri alikaa kitandani kwa Hezekia. "Mwenzangu," akasema, "Ramadhani hii nimesamehewa kufunga, nakula mchana kweupe kama Mkristo." Hezekia alicheka. Ndiyo, alicheka, nilimwona.

Nilikuwa mlangoni na chai. Zubeiri akasema, pasipo kunitazama, akimwambia yeye, "Daktari kasema ile dripu ya siku ile ingenimaliza. Mkeo ndiye aliyeniweka hapa. Mama Lulu bado hataki kusikia. Anaona dawa imetolewa, anangoja ugonjwa urudi. Kila nikipaliwa na maji anaacha kupumua."

"Utarudi?" Hezekia aliuliza.

"Wanasema hawajui. Labda kinga imeshajifunza. Labda hapana. Mpaka picha."

Walishikana mikono. Zubeiri alipoondoka, Hezekia alininong'oneza neno moja, "Vyema." Sijui alimaanisha nini. Nimelichukua kama lilivyo.

22 Machi

Amelala kutwa.

30 Machi

Mwanga wa jua kwa muda mfupi. Nilifungua dirisha, akageuza uso kulifuata.

7 Aprili

Rejoice amefika. Mchungaji amekuja kumpa Chakula cha Bwana. Tone la divai tu kwenye ulimi.

9 Aprili

Hezekia amefariki asubuhi. Mimi na Rejoice tulikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha.

11 Aprili

Tumezika. Kaburi lilikuwa na maji, vijana walikuwa wakiyachota kwa ndoo hadi dakika ya mwisho. Kwaya iliimba vizuri. Sista Oliva na Daktari Severini walikuja, wamesimama nyuma na viatu vyao vimejaa tope. Daktari alilia waziwazi, na miwani aliiacha ilowe. Nilimsamehe yale yote niliyomwekea moyoni, ambayo hakuyajua.

Zubeiri alirusha udongo. Chiku alikuwepo pia. Hakuja kunipa pole. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa akina mama, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kumenya viazi.

13 Aprili

Chiku hajaondoka. Anapika, anaosha, anaongea na watu wote kwa sauti yake ile kubwa, akiniona ananyamaza. Leo watu walipopungua nilienda nikakaa mbele yake, nikachukua kisu. Tulimenya karai zima.

"Nijibu kweli," akasema. "Siku ile uliyopiga simu. Ulikuwa unamwokoa mume wangu, au ulikuwa unaona uchungu?"

Ningeweza kusema namwokoa. Mumewe yuko hai, nani angebisha?

"Nilikuwa naona uchungu," nikasema. "Na niliogopa atakufa. Vyote vilikuwemo. Nimejaribu kuvitenganisha, Chiku, nimeshindwa."

Alimenya kiazi kingine, akakitoa macho yake yote kwa ncha ya kisu, akakitupa majini.

"Mimi nilijua ni mapafu," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Habari ya mafua nilikudanganya."

Alianza kulia, na hata akilia anapiga kelele, kuku wakatawanyika uani. Sikumkumbatia; mikono yangu ilikuwa na matope ya viazi. Niliegemeza bega langu kwenye lake.

Alipotulia akasema, "Picha yake ni mwezi ujao, Mbeya. Siwezi kukaa kwenye benchi lile peke yangu."

Nikasema nitakwenda.

28 Aprili

Nimerudi darasani kufundisha, baada ya likizo ya kuuguza. Watoto wamenisalimia wamesimama muda mrefu kuliko kawaida.

12 Mei, Mbeya

Mvua zimekwisha. Asubuhi Makambako kulikuwa na ile baridi kavu, watu wakiota moto pembeni ya stendi.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na Chiku, Zubeiri katikati. Chiku hakusema neno, na hilo peke yake lilinitisha. Mlango ukafunguliwa, wakaita, "Ndugu wa Zubeiri." Chiku akanishika mkono akaniinua.

Daktari wa picha aligeuza kioo cha kompyuta tuone. Alionyesha kwa kalamu: hapa ndipo ulipokuwa uvimbe, sasa pana kovu. Mapafu yana makovu pia, yatabaki hivyo. Kwa leo haoni saratani. Alirudia mara mbili, kwa leo, na warudi baada ya miezi mitatu. Hakusema ni vidonge, ni dripu, ni mionzi, au ni bahati. Zubeiri alimuuliza. Akasema swali hilo haliwezi kujibiwa kwa mgonjwa mmoja tu.

Chiku alipiga magoti pale pale sakafuni.

Na mimi nilifurahi. Naandika hili kwa sababu niliingia kwenye chumba kile nikiwa sina hakika kama nitaweza, na niliweza, nilifurahi kweli. Niliwaacha wakiwa wameshikana, nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa maua, nikalia. Nililia kwa sauti, kama Chiku. Muuza karanga mmoja aliweka beseni lake chini.

"Mama, umefiwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mume wangu. Mwezi uliopita."

"Pole sana, mama," akasema, na akakaa pale pembeni hadi nilipomaliza.